Kavira Aliyeitika

Mwanangu,

Afya yako naijua, asubuhi nimekuona ukimaliza sahani mbili za sombe, kwa hiyo salamu tuziache. Na yangu unaijua: goti la kushoto, na hasira. Mambo ya sweta, ya kula kwa saa, ya kutomuachia mutu paspoti yako hata kama amevaa koti nzuri, mama yako anayasema tangu juzi, na kesho kwenye bariyeri, pale mupakani, atayasema tena. Mimi sina la kuongeza pale.

Nakuandikia Jumapili muchana, mezani, upande ule unapowekaga ordinateri yako, kompyuta ya kazi. Mumeenda na mama yako kuaga tantine kule mutaa wa Himbi, mumesema mutarudi saa kumi. Sasa ni saa saba na dakika kidogo. Nina saa tatu za kusema jambo moja ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka ishirini na miwili. Nimekwisha kupasua karatasi mbili, na zote mbili zilianza na hali ya hewa.

Nianzie mahali ulipoanzia wewe mwenyewe bila kujua.

Unakumbuka ile Jumamosi ya mwaka jana, mvua inapiga mabati, ukaniita: "Papa, kuja uone kitu cha haya." Ulijua nitakuja mbio. Mwalimu wa hesabu hana starehe nyingine duniani zaidi ya kuona makosa ya watu wengine. Kazi yako nilikuwa naielewa nusu nusu: kompilateri ni programu inayochukua yale mutu ameandika na kuyageuza kuwa amri za mashine, na kuna testi kwa maelfu za kuangalia kama inageuza vizuri. Ukanionyesha testi moja. Inapitisha kipande kidogo cha programu ndani ya kompilateri, halafu inatafuta amri fulani ndani ya matokeo kwa kutumia regex, zile alama zenu za kutafutia maneno, na inahesabu imeipata mara ngapi. Inapaswa kuwa mara nne. Ikiwa nne, rangi ya kijani, kila mutu anaenda kula.

"Na imepata ngapi?" nikauliza.

"Nne."

"Basi shida iko wapi?"

"Papa, si uangalie hizo nne ni nani."

Ukaweka kidole juu ya kioo. Ya kwanza, amri. Ya pili, amri. Ya tatu, amri. Ya nne haikuwa amri hata kidogo. Lilikuwa jina la faili lenyewe, limeandikwa juu kabisa ya ukurasa, na ndani ya jina hilo mulikuwa na neno lile lile. Amri ya nne haikuwepo. Kompilateri ilikuwa inaiangusha njiani, labda kwa miaka, na jina la faili lilikuwa linaitika mahali pake.

"Na hakuna aliyeona?"

"Nani angeona, papa? Nambari ilikuwa sawa."

Nikasimama, nikasema naenda kuangalia makala, yale makaa ya jiko, kama yanalowana. Makala yalikuwa ndani ya jikoni, makavu. Nilisimama pale karibu na mufuko, na nikasikia ukimuuliza mama yako kama umesema kitu kibaya. Hukusema kitu kibaya. Ulisema kitu changu.

Sasa nikuambie habari ya kamioni. Si ile unayoijua. Ile unayoijua inasimuliwa hapa nyumbani kila Noeli: tulikimbia mji wetu wa Kiwanja wakati wa vita, sisi wote ndani ya kamioni ya maharagi, na Kavira, mutoto wa kichwa ngumu, akateremuka kufuata kuku, kamioni ikamuacha. Kambale anaongeza sauti ya kuku. Wageni wanacheka. Wewe pia unacheka, lakini unaangalia sahani yako. Nimekuangalia ukiangalia sahani kila mwaka.

Hakukuwa na kuku.

Ulikuwa na miaka sita. Risasi zilianza upande wa kaskazini, muchana mweupe, na dereva mumoja akakubali kutubeba juu ya mifuko yake, sisi na familia nyingine sita za mutaa, lakini alisema hatangojea mutu. Mama yako alikuwa na malaria, hawezi kusimama, dereva akamuweka mbele karibu naye. Watoto tukawasukuma nyuma, chini ya turubai. Kabla wewe hujapanda nilikushika bega na kukuambia: "Kavira, kimbia nyumbani uniletee redio. Iko juu ya kabati." Nyumba ilikuwa karibu, tulikuwa tunauona mulango. Nilitaka redio kwa sababu nilitaka kusikia habari, na habari zenyewe zilikuwa zinalia juu ya vichwa vyetu. Hadi leo najiuliza nilikuwa mupumbavu wa namna gani. Wewe hukuuliza, ulikimbia tu.

Halafu mutu akaniita nisaidie kubeba muzee wake, halafu mufuko ukapasuka na maharagi yakamwagika, halafu dereva akaanza kupiga honi. Nikasahau. Naandika hili neno polepole ili ulisome vizuri: nilisahau. Si kwamba sikukupenda, na si kwamba vita ilinichukua akili. Nilikutuma, na ndani ya dakika tano nikasahau kwamba nimekutuma.

Nikasimama nyuma ya kamioni na kufanya apeli, kuita majina, kama darasani. Majina ya ubatizo tulikuwa tunawaachia padri na shule. Mimi niliwaita kwa majina ya kwetu. Na unajua majina ya kwetu Wanande, yanafuata zamu ya kuzaliwa. Muvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale. Musichana wa kwanza Masika, wa pili Kavira. Ita "Kavira" katikati ya soko la Butembo, uone ni wangapi watageuka. Na zile familia ndani ya kamioni karibu zote zilikuwa za kwetu.

"Paluku!"

"Niko!"

"Masika!"

"Niko, papa!"

"Kambale!"

"Niko!"

"Kavira!"

"Niko!"

Sauti nyembamba, ya mutoto wa kike, kutoka ndani kabisa kwenye giza la turubai. Wanne. Nikapiga ubavu wa kamioni kwa kiganja mara mbili, nikapanda, tukaondoka.

Na mimi ni mwalimu, mwanangu. Nilikuwa nimefanya apeli miaka kumi na miwili. Nilijua vizuri sana kwamba wanafunzi wanaitikiana: mumoja yuko sokoni anasaidia mama yake, rafiki yake wa nyuma anabadilisha sauti na kusema "prezanti". Nilikuwa nawakamata kila wiki, na nilijivuna kwa hilo, kwa sababu nilikuwa nainua macho kutoka kwenye daftari. Ile siku sikuinua macho. Nilikuwa nimepata nambari yangu.

Kamioni ikasimama Rumangabo. Mama yako, kutoka kule mbele, akanipa kikombe cha maji, akasema: "Mupe Kavira kwanza, yeye ndiye mudogo." Nikaenda nyuma, nikainua turubai, nikaita. Akaja mutoto amevaa robe ya kijani, simujui, akanyoosha mukono achukue kikombe.

"Si wewe," nikasema. "Namutaka Kavira."

"Ni mimi Kavira," akasema. "Kule uliniita, nikaitika."

Mama yake akamuvuta kwa robe akae chini, na aliniangalia mara moja tu, na nikaona ameelewa. Sikumulaumu yule mutoto, wala leo simulaumu. Aliitwa jina lake, akajibu. Ni mimi ambaye sikuuliza nani amejibu.

Kikombe kikiwa mukononi, nikarudi mbele. Ni hatua kama kumi na tano. Mama yako akauliza: "Amekunywa?" Nikaangalia macho yake yalivyokuwa mekundu na homa, na nikasema: "Ameteremuka. Alikuwemo, nilimuhesabu mwenyewe, aliitika. Atakuwa ameteremuka mahali tulipopunguza mwendo, kufuata kuku." Sijui kuku alitoka wapi. Ulikuwa unapenda kuku, nadhani ni kwa hiyo. Mama yako alipiga kelele ambayo bado naisikia, lakini hakunipigia mimi. Alikupigia wewe. "Kavira, Kavira, kwa nini umenifanyia hivi?"

Hiyo sentensi ilikuwa yangu. Wewe umeibeba.

Nilirudi kukutafuta, hilo ni kweli, hilo peke yake katika hadithi ya Noeli ndilo kweli. Kamioni iliendelea na wengine kuja Goma, mimi nikatembea kwa muguu nikipingana na watu wote waliokuwa wanashuka. Walinizuia kwenye kizuizi siku nzima na nusu. Siku ya tatu nikafika Kiwanja, na mama mumoja muuza samaki wa Vitshumbi akatoka kwenye mulango wake na kuniuliza kabla sijasema kitu: "Wewe ndiye papa wa redio?"

Ulikuwa umekaa nyuma ya vikapu vyake, unanuka samaki mukavu, umekumbatia redio kwa mikono miwili. Yule mama akasema: "Anakatala kuiweka chini. Hata kulala analala nayo. Anasema papa amemutuma." Hukulia. Uliniangalia, ukainyoosha kwangu, ukasema:

"Papa, nimeileta."

Nimeacha kalamu hapo muda kidogo. Sasa ni saa nane na nusu.

Sehemu inayofuata ndiyo mbaya kuliko kusahau, kwa sababu kusahau ni dakika tano na hii niliifanya miaka. Tulipokuwa njiani kuja Goma, wewe mbele yangu juu ya pikipiki, nilianza kukuambia ndani ya sikio: "Ulikuwa ndani ya kamioni, ukateremuka. Sivyo?" Ukasema: "Hapana, papa, ulinituma redio." Nikasema: "Hiyo ni baadaye. Kwanza uliteremuka." Tulipofika hapa niliendelea, kwa upole, na pipi. Mutoto wa miaka sita anafundishika, na mimi nilikuwa mwalimu muzuri. Ilipofika Noeli, wewe mwenyewe uliwaambia watu habari ya kuku, na ulimupa rangi: mwekundu.

Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu ulikuja kuniuliza, nikiwa nasahihisha karatasi za wanafunzi: "Papa, kwa nini nakumbuka niko na redio mikononi, na kamioni inaenda?" Sikuinua kichwa. Nilikuambia uliota. Siku ya komunyo ya kwanza, na robe yako nyeupe, ulimuomba mama yako msamaha mbele ya watu wote kwa zile siku tatu ulizomuliza. Akakusamehe. Mimi nilikuwa karibu, na kisu mukononi, nikakata keki.

Naona unavyofunga mulango mara tatu. Naona kwamba kila kitu kikipotea katika nyumba hii, hata kama ni funguo za Paluku, wewe ndiye wa kwanza kusema: "Labda ni mimi." Hiyo "labda ni mimi" niliiweka ndani yako kwa mikono yangu. Usije ukaniambia kwamba ndiyo imekufanya hodari kwenye kazi yako. Nimejaribu kujidanganya hivyo, nikaona aibu.

Na umeniuliza mara ngapi kwa nini nagusa vichwa vyenu mezani mumoja mumoja, hata sasa munapokuwa watu wazima na Paluku ana upara. Munaniiga, munacheka, sawa. Na kwa nini mimi peke yangu nakuita Esperansi wakati nyumba nzima inakuita Kavira. Ulifikiri ni mambo ya kanisa. Ni kwamba nikisema Kavira nasikia ile sauti nyembamba inasema "niko", na siwezi.

Turudi kwa testi yako, maana pale ndipo nilipokwisha kabisa. Uliifunga ile regex vizuri, ianze mwanzo wa mustari na ishike neno zima, isiridhike na kipande cha jina la mwingine. Testi ikawa nyekundu. Tatu badala ya nne. Ukafurahi, nikafikiri umechoka kichwa. Halafu mukubwa wenu wa kule mbali akakuandikia kwamba haina haja, ubadilishe tu nambari inayongojewa, uandike tatu, irudi kijani, kazi iendelee. Ulitusomea maneno yake mezani ukiiga sauti ya puani. Mama yako alicheka mpaka akashika meza. Ukakataa. Siku kumi na moja ulitafuta mahali ile amri ya nne ilipokuwa inaangukia, siku kumi na moja na umeme wetu huu wa kwenda na kurudi, ukaipata, ukairudisha. Kwa sababu hiyo watu wa Ujerumani walikuandikia, na kwa sababu hiyo kesho unaenda.

Mimi niliandika tatu. Pale Rumangabo, na kikombe mukononi, niliona nyekundu, nikabadilisha nambari ili mama yako asiione.

Sikuambii usikosee. Utakosea, na huko hata lugha itakukosesha. Ninachokijua ni kidogo: siku ya kwanza yangekuwa maneno machache. Nilimutuma mimi, nikasahau, nikamuacha. Mama yako angenipiga, na angekuwa na haki, na tungemaliza. Mwezi wa pili yalikuwa maneno mengi zaidi. Sasa ni kurasa hizi, na bado naona hazitoshi.

Mupango wangu, nikuambie kweli, ulikuwa wa woga. Nilitaka kukunja barua hii na kuiweka ndani ya valizi yako, chini ya viatu, uisome ukiwa kule, mimi nikiwa mbali na macho yako. Nimeinuka saa hii kufanya hivyo. Nimefungua valizi.

Nimeikuta redio.

Umeifunga ndani ya sweta ya bluu, katikati kabisa, ili isivunjike. Redio ambayo haijasema neno tangu ulipokuwa sekondari. Jana nzima mumepima ile valizi na mama yako, mumetoa unga, mumetoa viatu vya pili, mumetoa hata picha yenye kioo, mupate kilo zinazokubaliwa kwenye ndege, na hii ukaiacha ndani. Ukanda wake ni ule ule wa mupira niliofunga mimi. Nimekaa kwenye kitanda chako nayo magotini, muzee muzima, nikalia.

Kwa hiyo ulikuwa unajua. Au mikono yako ilikuwa inajua na kichwa kilikuwa kinanitii. Kwa miaka yote hii ulikumbuka sawa, mwanangu. Hukuota. Ulitumwa, ukaenda, ukaichukua, ukailinda siku tatu, ukaileta. Mutu aliyekosa ile siku ni mumoja, na si wewe.

Redio nimeirudisha ndani ya sweta kama ulivyoiweka. Barua sikuiweka. Nitakupa mukononi, na nitakaa hapa kwenye kiti hiki unaposoma, na mama yako akiuliza ni karatasi gani, nitamusomea yeye pia, kwa sauti, mpaka kwenye kuku. Naogopa. Naogopa mama yako atakavyoniangalia, na naogopa kwamba kesho utavuka bariyeri bila kugeuka. Ukivuka bila kugeuka, nitasimama pale pale mpaka usionekane, halafu nitarudi nyumbani kwa muguu, na sitasema kwamba umekosa adabu. Sikuombi unisamehe kabla ya ndege. Nakuomba kitu kimoja: Noeli ijayo, hata kama ni kwa telefone, Kambale akianza sauti ya kuku, uniachie mimi niseme.

Saa kumi kasoro. Nasikia mulango wa mabati, na mama yako anagombana na mwenye pikipiki, na mutu anacheka naye. Nadhani ni wewe. Ngoja. Nitaita "Kavira", na safari hii nitainua macho nione nani ameitika.

Papa yako,
aliyekutuma redio